Sarafu Tupu Nayo Inalindwa

Kila sarafu huanza kama kipande cha madini cha duara, kitupu, bila picha wala maandishi. Akikipata mwizi, kazi iliyobaki ni kukigonga chapa tu. Ndiyo maana sheria haingoji sarafu bandia iishe kutengenezwa. Kanuni ya Adhabu ya Kenya yahesabu ni kosa hata kutengeneza kipande cha ukubwa wa sarafu kwa nia ya kughushi. Mpakani nako, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 yakataza kuingiza pesa bandia, na pesa isiyofikia kiwango cha uzito. Mwenye haki ya kutoa sarafu ni Benki Kuu peke yake.

Basi sisi tufanyeje? Mweka hazina, hesabu sarafu za mchango mbele ya wanachama. Ukishuku moja, ilinganishe na nyingine ya thamani ile ile. Lakini tusikatae zile zenye sura za marais: za wanyama zilipotoka 2018, hizo hazikufutwa. Bandia ipelekwe benki au polisi. Kumsukumia mama muuza samaki huku wajua ni kosa, tena ni kumwibia jirani.