Cheri ya Chunguni: Mti Unaowataka Wote Wawili

Shada la leo keshokutwa liko kwenye pipa la taka. Wajapani wanacho kinachodumu: mti wa cheri uliodumazwa chunguni, yaani bonsai. Wana hadi kijiji chake, Omiya, kilichoanzishwa 1925 na watunza bonsai waliohama Tokyo baada ya tetemeko la 1923.

Usidanganyike na udogo wake. Huu si mti wa kuweka juu ya tivii! Unataka kukaa nje, na kila mwaka upigwe baridi ya miezi kadhaa. Bila baridi hiyo maua hayafunguki, ndo maana kwa joto la Dar utakuangusha.

Maji: usiache udongo ukauke kabisa.

Mkasi: punguza matawi mara tu maua yanapopukutika. Machipukizi ya mwakani huanza kujitengeneza majira ya joto, ukichelewa unayakata mwenyewe. Kidonda kikubwa kipake dawa ya kuziba, kisije kikaoza.

Yote hayo kwa maua ya wiki moja hivi. Sasa jiulizeni: zile wiki 51 zisizo na ua, nani atamwagilia? Hapo ndipo mtajuana.