Sattriya: Ngoma Iliyolelewa na Watawa

Askari yeyote aliyepita mikononi mwa mwalimu wa gwaride ajua kwamba mwili haufundishwi kwa siku moja. Huamshwa alfajiri, ukarudiarudia jambo lile lile hata mguu ukajua kazi yake bila kuambiwa. Huko India iko ngoma ambayo kwa karne nyingi imefundishwa kwa nidhamu ya namna hiyo, ingawa walimu wake hawakuwa watu wa vita. Walikuwa watawa wasiooa, nao walicheza kwa sababu moja tu, yaani kumwabudu Mungu wao.

Ngoma hiyo huitwa Sattriya. Kwao ni Assam, jimbo lililo kaskazini mashariki mwa India, ambamo hupita mto mkubwa wa Brahmaputra. Jina lake limetokana na neno sattra, maana yake makao ya dini ya Wahindu wanaomwabudu Mungu kwa majina ya Vishnu na Krishna. Katika baadhi ya makao hayo huishi watu wenye wake na watoto, na katika mengine huishi watawa watupu.

MWANZILISHI WAKE

Mtu aliyeipanda mbegu hii ni Sankardev, aliyezaliwa mwaka 1449. Alifiwa na wazazi wake angali mdogo, akalelewa na bibi yake. Alipokuwa mtu mzima alisafiri miaka mingi kuzuru mahali patakatifu pa India, kisha akarudi kwao na mafundisho yaliyowashangaza wengi. Alisema kwamba Mungu ni mmoja, kwamba njia ya kumfikia ni kuliimba na kulisikiliza jina lake, na kwamba mlango huo u wazi kwa mkubwa na mdogo, wa tabaka la juu na la chini.

Basi watu wengi wa siku zile hawakujua kusoma. Mafundisho yangewafikiaje? Sankardev hakuwapa vitabu peke yake. Alitunga nyimbo na tamthilia, akaweka ndani yake muziki na ngoma, ili mkulima aliyeketi chini akitazama aielewe habari ya Krishna kwa macho na masikio yake. Alifariki mwaka 1568, na mwanafunzi wake mkuu, Madhavdev, akaiendeleza kazi hiyo mpaka alipofariki yeye naye mwaka 1596. Kutoka katika tamthilia hizo ndipo Sattriya ilipochipuka.

MALEZI YA MTOTO

Katika sattra ya watawa, katikati husimama jumba la ibada. Kando kando ya jumba hilo hujengwa safu za nyumba ndogo wanamoishi watawa. Mahali patakatifu pa jumba hilo kwa kawaida huwekwa kitabu kitakatifu cha Bhagavata, wala si sanamu.

Wazazi huwaleta watoto wao wa kiume wangali wadogo sana. Mtoto hukabidhiwa kwa mtawa mzee, akakaa naye nyumba moja. Mzee huyo ndiye humlisha, humfundisha usafi, sala na adabu, na humwuguza akiugua. Kwa kifupi, humwia baba na mama. Nao mzee akidhoofika, kijana humtunza kama mtoto amtunzavyo mzazi wake. Hivyo ngoma hii haikurithiwa kwa damu, maana watawa hawazai. Imerithiwa kwa malezi.

Mafunzo huanzia chini, na hili nalisema kwa maana yake halisi. Zoezi la kwanza huitwa mati akhara, yaani mazoezi ya ardhini. Kwa desturi huhesabiwa kuwa 64. Mtoto hujifunza kujikunja, kubiringika, kuruka, kuzunguka na kusimama imara, hata viungo vyake vikawa laini na vyenye nguvu. Ndipo hufundishwa hatua za miguu, ishara za mikono na namna ya kuonyesha huzuni, furaha na uchaji kwa uso na macho. Pamoja na hayo hujifunza kuimba na kupiga khol, ngoma ya udongo iliyowambwa ngozi pande zote mbili. Khol hufuatana na matoazi na filimbi.

Ziko ngoma za nguvu, za kuruka na kuzunguka, na ziko za upole, kama ile iitwayo Chali, ambayo kwa asili huchezwa na wavulana kwa mwendo laini wa kike. Mavazi ni ya hariri ya Assam, mara nyingi yenye rangi nyeupe au ya maziwa, bila makuu.

KUTOKA NJE YA KUTA

Kwa muda mrefu ulimwengu haukuijua. Mwaka 1958 mwanachuoni wa Assam, Maheswar Neog, aliieleza Sattriya mbele ya mkutano wa wataalamu wa ngoma mjini Delhi. Lakini Sangeet Natak Akademi, chuo cha taifa cha muziki, ngoma na tamthilia, hakikuikubali mara moja kuwa moja ya ngoma kuu za jadi za nchi. Heshima hiyo ilikuja tarehe 15 Novemba 2000, baada ya miaka 42. Leo Sattriya huhesabiwa ya nane katika orodha ya chuo hicho, pamoja na ngoma mashuhuri kama Bharatanatyam na Kathak.

Lakini kabla ya heshima hiyo palikuwa na jambo zito zaidi. Katika sattra za watawa, mwanamke hakuruhusiwa kuicheza ngoma hii. Katikati ya karne ya 20 baadhi ya mabingwa walianza kuifundisha mijini, wakawafundisha wasichana pia. Wako waliochukizwa. Waliuliza: ibada ikipelekwa jukwaani, mbele ya watu waliolipa kiingilio, je, itabaki kuwa ibada? Swali hilo si la upuuzi. Hata hivyo, mlango uliofunguliwa haukufungwa tena. Leo wanawake wengi ni miongoni mwa wachezaji na walimu wake hodari, na watawa nao wangali wanacheza katika majumba yao ya ibada.

MTO UNAOKULA ARDHI

Huenda waliofungua mlango walitenda kwa wakati wake. Sattra nyingi mashuhuri ziko Majuli, kisiwa kikubwa kilicho ndani ya mto Brahmaputra. Tarehe 15 Agosti 1950 tetemeko kubwa la ardhi liliitikisa Assam. Milima iliporomoka, udongo na mchanga vikajaa mtoni, na chini ya mto pakainuka. Tangu hapo mafuriko na mmomonyoko vimekuwa vikali zaidi, na kisiwa kimepoteza sehemu kubwa ya ardhi yake. Sattra kadhaa zililazimika kuhama, nyingine zikavuka kwenda ng'ambo. Mtawa anapohama hawezi kuchukua jumba wala bwawa wala miti iliyopandwa na waliomtangulia. Huchukua kitabu, khol, na yale yaliyomo mwilini mwake.

Hapa ndipo penye fundisho kwetu sisi wenye kulea. Ardhi yaweza kuliwa na maji, na jumba laweza kubomoka. Bali kile ambacho mzee amekitia katika viungo vya mtoto, siku baada ya siku, kwa subira na kwa upendo, hicho hakichukuliwi na mafuriko. Watawa wa Assam hawana watoto wa kuzaa, lakini urithi wao umevuka karne tano. Sisi wenye watoto tele majumbani, na ngoma za wazee wetu tungali tunazikumbuka, tujiulize jioni ya leo: tumemfundisha nani?