Moyo Kwenda Mbio Ukiwa Kitandani

Huenda baba yako huko Jomvu Kuu hubanwa na kifua kila atembeapo hadi kituo cha matatu. Daktari angependa kuuona moyo wake ukifanya kazi ngumu, lakini magoti hayamruhusu kukimbia juu ya mashine. Je, afanyeje? Moyo huo hukimbizwa kwa dawa iitwayo dobutamini.

Mshipa uliozibika kiasi huweza kuutosheleza moyo uliotulia. Mapigo yakiongezeka, damu haitoshi, na sehemu ya moyo huanza kulegea. Daktari huiona kwa picha za ultrasaundi.

Kabla ya kuvuka Makupa kwenda kupimwa, uliza masharti. Wengi huambiwa wasile kwa saa 3 au 4. Mahamri na kahawa tungu vingoje. Dawa zinazopunguza mapigo, kama atenololi, huenda zikasimamishwa, lakini usiziache kwa shauri lako mwenyewe. Mweleze daktari pia ikiwa una presha ya macho au shida ya kukojoa.

Ukifika, utalazwa kwa ubavu wa kushoto. Utabandikwa nyaya kifuani, utafungwa kipimo cha presha mkononi, na sindano itatiwa mshipani. Dawa huingia kidogo kidogo, ikiongezwa kila baada ya dakika 3. Lengo la kawaida ni asilimia 85 ya tofauti kati ya 220 na umri wako. Mwenye miaka 60 atafikishwa mapigo 136 kwa dakika. Yasipofika, huenda ukaongezewa atropini.

Utahisi kama uliyekimbilia matatu: moyo kudunda, joto, mikono kutetemeka, pengine kichefuchefu au kichwa kuuma. Kifua kikibana au ukipata kizunguzungu, sema mara moja. Hapa si mahali pa kujikaza kisabuni! Madhara makubwa, kama mshtuko wa moyo, hutokea kwa nadra, na ndiyo sababu daktari huwa karibu na dawa za dharura.

Dawa ikifungwa, nguvu yake hupungua nusu kwa dakika 2 hivi. Utaangaliwa hadi mapigo yatulie. Nenda na jamaa wa kukurudisha nyumbani, kwani atropini huweza kutia macho ukungu.

Kumbuka basi, msomaji: anayebanwa na kifua hata akiwa amekaa asingojee siku ya kipimo. Akimbizwe hospitalini sasa hivi.