RUZUKU HAIOMBWI KWA MANENO MATUPU

Mwaka jana kikundi chetu kiliomba ruzuku ya kutengeneza kisima cha kijiji. Tukanyimwa. Wengine wetu wakasema, "Aa, hizo ni fedha za wajanja wa mjini." Lakini tulipoisoma tena barua yetu tuliona kosa ni letu. Tuliandika: "Saruji na vifaa vingine, shilingi milioni 3." Vifaa gani? Vingapi? Hatukusema. Nani atakupa fedha kwa maneno hayo?

Basi tumeona tuwaeleze wenzetu tuliyojifunza.

Kwanza, ruzuku ni nini? Ni fedha za msaada kwa kazi maalumu. Hairudishwi, lakini lazima itolewe hesabu. Tusiichanganye na mkopo. Zile asilimia 10 za mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa.

Ruzuku hutolewa na mashirika mbalimbali. Hapa Tanzania lipo Foundation for Civil Society, lililoanza kazi mwaka 2003. Kila shirika lina masharti yake na siku yake ya mwisho ya kupokea maombi. Someni tangazo lote kabla ya kushika kalamu.

Pili, kikundi kijulikane. Kiwe na katiba, viongozi waliochaguliwa, cheti cha usajili na akaunti ya benki kwa jina la kikundi. Akaunti ya mwenyekiti haifai. Mtu mmoja asiweze kutoa fedha peke yake. Kuhusu usajili, mwoneni Afisa Maendeleo ya Jamii.

Tatu, ombi lijibu maswali haya:
1. Shida ni nini, na inawapata watu wangapi?
2. Mtafanya nini, na lini?
3. Kazi itagharimu kiasi gani?
4. Ninyi wenyewe mtachangia nini?
5. Fedha zikiisha, nani ataitunza kazi hiyo?

Katika gharama, andikeni kitu kimoja kimoja. Kwa mfano: "Saruji mifuko 20, kila mfuko shilingi 17,000. Jumla shilingi 340,000." Ulizeni bei dukani, msikisie. Mawe, mchanga na nguvu zenu andikeni pia. Huo ndio mchango wenu.

Nne, mkipata, fedha ya saruji inunue saruji. Bei ikipanda, waandikieni waliotoa fedha kabla ya kubadili lolote. Tunzeni stakabadhi zote, na hesabu isomwe mbele ya wanachama wote.

Tena tujihadhari na matapeli. Mtu akipiga simu akisema, "Ruzuku yenu ipo tayari, tumeni ada kwanza," msitume hata senti.

Mwezi uliopita tulipeleka ombi letu la pili. Safari hii liliandikwa na wanachama wenyewe, na likasomwa kwa sauti mkutanoni. Jibu bado. Kina mama bado wanaamka saa 10 usiku kufuata maji bondeni. Lakini mawe tumekwisha kusomba, yapo pale kisimani. Tukinyimwa tena, tutauliza sababu, turekebishe, tuombe tena.

Kisomo tulikipata kwa jasho. Tukitumie!