Mafua ya Msimu au Pumu? Mzazi Asikilize Kifua Usiku

Upepo mkavu uanzapo kuvuma na vumbi kutanda, chafya husikika majumbani tangu alfajiri. Mzazi humpa mtoto dawa ya kikohozi akisema ni mafua ya msimu, yatapita. Mara nyingi husema kweli. Lakini tumewaona wazazi waliosema hivyo mwaka baada ya mwaka, hadi usiku ule mtoto aliposhindwa kuvuta pumzi.

Makao ya mzio wa msimu ni puani na machoni. Chavua au vumbi likigusa utando wa pua, mwili hulipiga vita kana kwamba ni adui: pua huwasha na kutiririka maji mepesi, chafya hufuatana, macho huwa mekundu. Homa haipo. Pumu makao yake ni kifuani. Njia za hewa huvimba, misuli yake hukaza, na makohozi huziba nafasi ndogo iliyosalia. Hapo mtoto hukohoa, hasa usiku wa manane na alfajiri, au baada ya kukimbia, hata kucheka; kifua hubana, na pumzi itokapo husikika mlio mwembamba kama wa filimbi. Kikohozi kinachomwamsha mtoto usiku mara kwa mara kisiitwe mafua.

Taabu ni kuwa maradhi haya ni majirani. Wengi wenye pumu wana mzio wa pua pia, na vichochezi huwa ni vile vile: vumbi la mazulia, manyoya ya paka, moshi wa kuni. Udi nao, tuupendao mno, haumfai mwenye pumu. Ni moshi kama moshi mwingine.

Dawa za mzio, kama setirizini, hutuliza pua, hazifungui kifua kilichobana. Kazi hiyo ni ya dawa ya kuvuta kwa mdomo, na maneno ya mitaani kwamba aianzaye huwa mtumwa wake hayana msingi. Mtoto asiyeweza kumaliza sentensi, ambaye mbavu zake zinabonyea apumuapo au midomo inageuka rangi, apelekwe hospitali saa ile ile.

Na kwa wanaouliza kuhusu Ramadhani: wanazuoni wamekhitilafiana iwapo dawa ya kuvuta inafunguza, ila ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine imo ndani ya Qur'ani. Anayebanwa mchana aivute.