Nani Anaotesha Mibuyu ya Mbuyuni?

Ukitoka Mikumi kwenda Iringa, kabla basi halijaanza kuhema kwenye Mlima Kitonga, unapita Ruaha Mbuyuni. Mibuyu inakusindikiza huku na huku. Abiria hutazama ile minene. Mimi hutafuta yenye unene wa paja, na siioni kirahisi.

Si kwamba mbegu zimeadimika. Buyu moja tu lina mbegu tele, zimegandiwa na ule unga mchachu. Swali ni zinapita kinywani mwa nani. Panya akiipata mbegu huitafuna mpaka kiini, basi, imekwisha. Nyani ni kigeugeu: buyu likiwa bichi hulivunja na kuzisaga mbegu zikiwa bado laini, hasara tupu. Likikauka, hufyonza unga, na mbegu nyingine huzimeza au kuzitema mbali na mti mama. Tembo hula buyu na ganda lake, kisha mbegu hutoka nzima kwenye kinyesi. Safari hiyo ya tumboni ina faida. Ngozi ya mbegu ya mbuyu haipitishi maji kwa urahisi. Ndiyo maana anayeotesha bustanini huiloweka kwanza kwenye maji ya moto, au huisugua kwa msasa.

Ila tembo huyo huyo, katika Hifadhi ya Ruaha, hubandua magome na kuchimba shina hadi mti unaanguka. Tangu miaka ya 1970 watafiti wameandika jinsi mibuyu ilivyopungua humo.

Wapo pia wanyama wanaopanda miti bila kukusudia. Ulaya, kindi hufukia mbegu za mwaloni kama akiba, na zile anazozisahau huota. Kwetu mwenye tabia hiyo ni panya buku, ndiyo, yule anayefundishwa Morogoro kunusa mabomu. Kwenye misitu ya Usambara Mashariki hujaza mashavu mbegu za mti mwingine, msambu, na kwenda kuzifukia.

Mbuyu ukishaota, mtihani haujaisha. Majani ya mche hayana vile vidole vitano tuvijuavyo. Ni jani moja moja, refu, juu ya kijiti chembamba. Mbuzi hulitafuna akipita. Na mpalilia vitunguu kule mtoni huung'oa mche pamoja na magugu na kuutupa kando ya tuta, huku amekaa kwenye kivuli cha mti mama.