Gurudumu Laini Lisiloruhusiwa Kunata

Katika kanuni za sumo ya roboti, mchezo ulioanzia Japani mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa juhudi za kampuni ya Fuji Soft na kisha kuenea Marekani na Ulaya, kimo kifungu kifupi kinachowasumbua mafundi kuliko vingine: matairi ya roboti yasiweze kuinua karatasi na kuishikilia kwa zaidi ya sekunde mbili. Roboti huwekwa juu ya karatasi, kisha huinuliwa mbele ya mwamuzi, na karatasi ikibaki chini au ikidondoka papo hapo roboti huruhusiwa kuingia ulingoni, lakini ikiendelea kuning'inia, mpira wa matairi yake huhesabiwa kuwa gundi.

Kifungu hicho kina uzito mkubwa zaidi katika daraja la sumo ndogo, ambamo roboti haipaswi kuzidi gramu 500 wala kupita sentimita 10 kwa urefu na upana, na ulingo ni duara lenye kipenyo cha sentimita 77. Kwa kuwa washindani karibu wote hufikisha uzito uleule, mota yenye nguvu haina faida magurudumu yakiteleza, maana roboti haiwezi kusukuma kwa nguvu inayozidi msuguano uliopo kati ya tairi na ulingo. Kizigeu cha msuguano, yaani uwiano kati ya nguvu ya msuguano na uzito unaolikandamiza tairi, kikiwa 1, roboti ya gramu 500 husukuma kwa nyutoni 5 hivi na si zaidi. Plastiki ngumu haifiki hapo, ilhali mpira laini unaweza kupapita, kwa sababu hubonyea na kuingia katika vijishimo vya uso unaougusa. Na kinyume na kanuni inayofundishwa shuleni, kwamba upana wa eneo linalogusana haubadili msuguano, tairi pana la mpira laini hushika vizuri kuliko jembamba. Hii ndiyo sababu inayomfanya fundi ayaache matairi ya dukani na kusubu yake mwenyewe.

Fundi wa kazi hii akieleza anachokifanya, haanzi na mpira bali na ringi. Ringi ya alumini hukerezwa na kuchongwa mifereji ili mpira upate pa kujishikiza, kisha husafishwa kwa spiriti hadi isibaki alama ya kidole. Kalibu, yaani umbo tupu ambamo mpira utamiminwa ugande, hukerezwa kutoka plastiki yenye utelezi kama polietilini, ikiwa na msumari wa katikati unaoishikilia ringi wima. Hapo, kwa maelezo yake, ndipo fundi anaposhinda au kushindwa mashindano, kwani gurudumu lililokwenda upande hata kwa nusu milimita huinua na kushusha ubapa wa chuma ulio mbele ya roboti, na ubapa huo ndio unaotakiwa kupenya chini ya mpinzani.

Mpira wenyewe mara nyingi ni poliurethani ya vimiminika viwili, kimoja kikiwa na kemikali za isosayaneti, ambazo mvuke wake hudhuru mapafu, hivyo glavu na dirisha lililo wazi si hiari. Vimiminika hupimwa kwa mizani, hukorogwa polepole huku pande za kikombe zikikwanguliwa, kisha humiminwa katika kikombe cha pili na kukorogwa tena, kwa kuwa sehemu isiyochanganyika haigandi kamwe na hubaki ikinata, na karatasi ya mwamuzi huigundua mara moja. Mchanganyiko humiminwa kutoka juu kwa uzi mwembamba, mahali pamoja tu, ili viputo vipasuke njiani na kimiminika kipande chenyewe kuizunguka ringi. Unyevu ni adui, kwa sababu isosayaneti ikikutana na maji hutoa kaboni dioksidi na mpira hujaa povu. Atakayejaribu kazi hii Tanga au Mombasa wakati wa masika hana budi kuyafunga makopo yake vizuri.

Wapo wanaochagua silikoni, ambayo aina yake inayogandishwa kwa platini hukataa kuganda ikigusa salfa, hata ile kidogo iliyomo katika baadhi ya udongo wa kufinyangia mifano. Jambo hili linashangaza, kwani ni salfa hiyohiyo, ikipikwa pamoja na mpira wa mti, iliyomwezesha Charles Goodyear mwaka 1839 kupata mpira usioyeyuka kwa joto wala kukakamaa kwa baridi.

Ulaini hupimwa kwa kipimo cha Shore A, kinachoanzia 0 hadi 100, ambamo matairi ya gari hukaribia 60 au 70, na fundi wa sumo ndogo hushuka hadi 20 au 30. Hata hivyo ulaini peke yake hauamui kama karatasi itainuka. Mpira ukiwa bado kimiminika hunakili kila mstari uliomo ndani ya kalibu, hivyo kalibu iliyong'arishwa huzaa tairi linalong'aa, na tairi hilo hugusana na karatasi kwa ukaribu kiasi cha kuishika bila gundi yoyote, ilhali kalibu iliyoachiwa alama za patasi ya mashine huzaa tairi lenye miinuko midogo ambalo karatasi huliacha. Fundi basi hupiga msasa kalibu badala ya kuubadilisha mpira, akitafuta ukwaruzo unaotosha kumridhisha mwamuzi bila kuupoteza mshiko wote alioutaabikia.

Kisha lipo vumbi. Tairi laini hulikusanya katika raundi moja tu, na likishavikwa vumbi hufaulu jaribio la karatasi bila shida, lakini ulingoni huteleza. Likifutwa kwa spiriti hurudisha mshiko wake, na pengine huinua karatasi. Kanuni haitofautishi unataji wa kemikali na ule wa uso ulio safi na laini, wala haielezi kwa nini mpaka ukawa sekunde mbili. Ikiwa tairi lilelile, lililotoka katika kalibu ileile, ni halali likiwa na vumbi na ni haramu dakika moja baada ya kufutwa, mwamuzi anapima mpira au anapima usafi wake?